Misumari Kumi na Miwili ya Dobrowidz

Inspekta Bogna Wilga aliinama mbele ya ukuta wa kaskazini wa kanisa la Dobrowidz, akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu. Yalikuwa kumi na mawili. Kisha akahesabu misumari iliyokuwa kwenye kisahani juu ya benchi. Nayo ilikuwa kumi na miwili.

"Mliikuta hivi hivi?" aliuliza.

"Hivi hivi, kwenye kisahani cha mishumaa," alijibu Padri Sobótka. Tangu Jumanne padri huyo alikuwa hali wala halali, na mashavu yake yalionyesha. "Sijagusa kitu. Nilikuja kuwasha taa za rozari ya jioni, nikaona ukuta mtupu."

"Wezi wa makanisa nimewakamata kumi na mmoja, Padri. Wanachomeka bisibisi, wanabandua, plasta inaanguka, wanakimbia. Sijaona hata mmoja aliyeng'oa msumari mmoja mmoja na kuupanga."

Vilivyoibwa vilikuwa viwili. Cha kwanza ni picha ya Bwana Hieronim Dobrowidzki, aliyefariki mwaka 1738. Ilichorwa juu ya bati lenye pembe sita, kwa kipimo cha upande wa kichwani wa jeneza lake, ikapigiliwa hapo ili waombolezaji waagane na marehemu ana kwa ana. Mazishi yalipoisha ikatundikwa kanisani pamoja na za baba zake. Cha pili ni bati la nembo ya ukoo, ngao yenye mwewe na funguo mbili, lililokuwa vipande viwili, kimoja kulia kwa picha na kingine kushoto. Kwenye orodha ya polisi kijana mmoja wa zamu alikuwa ameandika: "Bati bovu, halina thamani."

Bogna alisoma mstari huo mara mbili. Halafu akatazama madhabahu, ambapo vinara viwili vya fedha vilikuwa vimesimama bila wasiwasi wowote.

"Mwizi aache fedha, abebe bati bovu," alisema. "Lilivunjwa na nani?"

"Waswidi," alisema Padri papo hapo.

Bogna akatabasamu. Katika nchi hii kila kilichopasuka, kilichoungua au kisichoonekana wanasingiziwa Waswidi, jeshi lililoivamia nchi karne kadhaa zilizopita. Yeye mwenyewe bibi yake alikuwa na bakuli lenye ufa ambalo, kwa mujibu wa familia, lilipasuliwa na jeshi la Waswidi.

Akaendelea na kazi. Mlango mkubwa haukuvunjwa, wa nyuma haukuvunjwa, na funguo za milango hiyo zilikuwa kwa Padri na kwa Walenty Pyrek, mtunza kanisa. Jumanne mchana, saa nane hadi saa kumi, Padri alikuwa mjini, kijiji kizima kilikuwa mashambani kuvuna viazi, na Walenty aliyepiga kengele ya adhuhuri ndiye aliyebaki. Katika ghala lake yakaonekana makoleo yenye vumbi la chokaa mdomoni. Hayo yalitosha kumweka ndani. Leo Alhamisi, saa tisa alasiri, mwendesha mashtaka angekuja kumpeleka mahakamani. Padri alikuwa ameshaambiwa na ofisi ya askofu kwamba mtunza kanisa mwenye kesi ya wizi haendelei kukaa katika nyumba ya kanisa, na nyumba hiyo akina Pyrek wameikalia tangu enzi za mababu.

"Unaamini ni yeye?" Bogna aliuliza.

"Walenty? Mwaka jana aliokota kitufe cha shati sakafuni akakitangaza Jumapili tatu."

"Basi nionyeshe mlango wa tatu."

"Hakuna mlango wa tatu."

Bogna alinyoosha kidole kwenye kizimba cha mbao pembeni ya madhabahu, mahali ambapo zamani ukoo wa Dobrowidzki ulikaa kusali bila kusongamana na watu. Nyuma ya kizimba kulikuwa na mlango mfupi wa kutokea kwenye bustani ya nyumba kubwa.

"Aa, huo! Huo haufunguki tangu vita. Askofu aliyepita aliusukuma akateguka bega. Ufunguo wenyewe ulishapotea."

Bogna alipiga goti, akapitisha kidole kwenye bawaba. Kilitoka kinateleza. Akakinusa, akafikiri, akanusa tena.

"Padri, njoo unuse."

Padri akanusa, macho yakamtoka. "Mafuta ya nguruwe! Yana kitunguu!"

"Yana kitunguu na majani makavu ya kiungo. Hayo hayatoki gereji. Mtu amechota kwenye bakuli la kupakia mkate." Akajifuta kidole kwa leso, akaikunja ndani ya mfuko wa ushahidi. "Naomba kitu kimoja. Una kitabu cha mazishi cha mwaka 1738?"

"Kiko kabatini. Cha Kilatini, na mwandiko wake ni balaa."

"Nitafutie siku aliyozikwa Bwana Hieronim. Ukisoma, nipigie."

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa Roch Kumelski, mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Kraków, aliyekuwa amepita Dobrowidz Jumatatu akaipiga picha ya Bwana Hieronim kwa simu mara kumi na nne. Bogna alimkuta katika mkahawa wa sokoni, mbele ya bakuli la supu ya utumbo.

"Karibu, afande, keti," alisema Kumelski. "Nilijua utakuja. Kikipotea kitu chenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, lazima nitafutwe."

"Jumanne kati ya saa nane na saa kumi mchana ulikuwa wapi?"

"Barabara ya Radom. Waulize trafiki wenu." Akatoa karatasi ya faini mfukoni, akaikunjua kwa madaha. "Saa nane na dakika hamsini. Maisha yangu yote nimewalaani hao watu, leo nawaombea baraka."

Bogna aliikagua karatasi. Muhuri, namba, saa, vyote vilikuwa sawa. Radom ni mbali. Hata angepaa asingewahi.

"Picha uliitaka?"

"Sana! Ile sura, afande! Mtu amekufa lakini anakutazama kama amekukamata unaiba matofaa yake. Nilimwambia padri aniuzie, akanifukuza."

"Na lile bati la nembo?"

Kumelski aliweka kijiko chini. "Lile lililokatwa? La nini? Hata ukinipa bure nitakuomba nauli ya kulibebea."

"Umesema lililokatwa. Padri anasema Waswidi walilivunja."

"Padri ni mtu mwema, asali misa zake. Bati likivunjwa na askari linakunjwa, linakanyagwa, linatobolewa. Lile lilipigwa shoka mara moja, katikati, juu mpaka chini, mstari umenyooka. Tena aliyelipigilia ukutani alizipima pande zote mbili zikae sawa. Nani anatundika takataka kwa kipimo?"

"Kwa nini hukumwambia Padri?"

"Hakuniuliza. Alikuwa ananifukuza."

Bogna alimrudishia karatasi yake. Mwaka 1738, alijikumbusha akitoka nje. Na Waswidi walikuwa wameshaondoka siku nyingi kabla Bwana Hieronim hajafa. Hakuna jeshi linalorudi kuvunja nembo ya jeneza ambalo halijachongwa. Alikuwa amesikia mara elfu kwamba Waswidi walivunja hiki na kile, na kama wenzake wote hakuwahi kuuliza tarehe.

Simu ikalia kabla hajafika kwenye gari.

"Nimeuona ukurasa," alisema Padri. "Nakusomea. 'Tumemzika leo mtukufu Hieronim. Kwa kuwa hakubaki mwanamume yeyote wa jina lake, si mwana, si ndugu, si binamu, ngao ya nyumba yake imevunjwa kwa shoka mbele ya jeneza, na ukoo wa Dobrowidzki umefungwa.' Inspekta, mimi nimekaa miaka kumi na tisa chini ya bati hilo! Kila mtoto wa shule anajua kwamba wa mwisho akizikwa ngao huvunjwa. Nililiangalia kila siku nikasema Waswidi!"

"Padri, Jumapili askofu anakuja kufanya nini?"

"Kuzindua jiwe la kumbukumbu. Limeshachongwa. 'Kwa heshima ya ukoo wa Dobrowidzki, usiokatika tangu 1480.' Na Jumatatu anakuja mtaalamu wa makumbusho kuandika kila kilichomo kanisani."

"Mtaalamu ambaye angeliangalia hilo bati na kujua."

"Mungu wangu," alisema Padri. "Bi Mkubwa. Ndiye pekee aliyebaki wa ukoo huo."

"Usimpigie simu mtu yeyote," alisema Bogna.

Kwanza alipitia kituoni. Walenty Pyrek alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mikono juu ya magoti, mzee wa miaka sitini na mmoja aliyenyoa ndevu hata siku ya kupelekwa mahakamani. Alipomwona Inspekta akasimama.

"Keti, mzee wangu. Umekula?"

"Nimekula, afande, asante."

"Makoleo yako, Walenty. Ulimwazimisha nani?"

"Sina la kusema."

"Hata kama ni fundi wa bomba tu?"

"Nimesema sina la kusema, afande. Nikiongeza nitakuwa nimesema."

Bogna alicheka, na mzee naye nusura acheke. Halafu akainamisha kichwa.

"Naomba kuuliza jambo, kama inaruhusiwa."

"Uliza."

"Kuni za Bi Mkubwa. Nani anampelekea? Kuanzia jana kuna baridi, na yule mama hawezi ngazi za ghala. Akijaribu ataanguka."

Bogna alimwonea huruma, na hasira ikampanda vilevile, maana mtu huyu angekubali kubambikiwa kesi, apoteze kazi na nyumba, huku akihesabu magogo ya mwenzake.

"Nitampelekea mimi," alisema.

Na kweli alipeleka. Nyumba kubwa ya Dobrowidz ilichukuliwa na serikali baada ya vita ikawa shule. Bi Mkubwa mwenyewe, Bi Eufemia Dobrowidzka, kama wanawake wa ukoo wanavyoitwa, mwalimu mstaafu wa jiografia mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa amepewa vyumba viwili upande wa bustani. Alimfungulia mlango Inspekta mwenye mzigo wa kuni kifuani, akamkagua kuanzia buti hadi nywele.

"Polisi siku hizi wanaleta kuni?"

"Walenty ameniagiza, Bi Mkubwa. Ana wasiwasi utapata baridi."

Bibi alisogea pembeni, mkono umeshika fremu ya mlango. Bogna akazipanga kuni kando ya jiko, akanawa, akakaribishwa mezani, kwa maana katika nyumba hiyo hata adui hukaribishwa. Ikaja chai kwenye glasi, ukaja mkate, yakaja matango ya chumvi, likaja bakuli la mafuta ya nguruwe yenye kitunguu.

Bogna alijipakia kipande, akatafuna taratibu, akamaliza.

"Mazuri. Unatia majani ya kiungo?"

"Mama yangu alitia."

"Bawaba za kizimba chenu nazo zimeyapenda. Hazilii hata kidogo."

Bi Eufemia aliweka glasi chini bila kumwaga tone. "Unanihoji au unanitania?"

"Nakuhoji, Bi Mkubwa. Ufunguo wa mlango ule haujapotea. Ukoo ndio uliokuwa na haki ya kuutumia, na mwenye haki ndiye aliyeuweka. Jumanne watu wakiwa kwenye viazi ulipita bustanini. Makoleo uliyaazima kwa Walenty."

"Nilimwambia nang'oa msumari wa picha ya marehemu baba yangu."

"Akaamini mpaka Padri alipopiga kelele. Baada ya hapo akafunga mdomo."

"Picha hiyo ina thamani. Polisi wenye akili wangemtafuta yule mchuuzi wa Kraków."

"Nimeshamtafuta. Picha uliichukua ili tumtafute yeye. Ulichokitaka ni bati." Bogna aliongea bila kupandisha sauti, na bila kusita. "Mwizi wa kuuza angebeba vinara. Mtu mwenye woga tu angelitupa bati kwenye bwawa la samaki, liko hatua mia moja kutoka mlangoni, na leo nisingekuwa na kitu. Lakini wewe ulitoa misumari kumi na miwili bila kukwaruza ukuta, ukaiacha kwenye kisahani ili itumike tena. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitupa ngao majini. Kwa hiyo iko humu ndani."

"Pekua basi. Ita na majirani washangilie."

"Sitapekua. Kitabu cha mazishi kiko kwa Padri na ameshakisoma."

Hapo ndipo Bi Eufemia alipozeeka. Mabega yaliyokuwa yamenyooka tangu mlangoni yakashuka, na mkono wake ukatafuta kitambaa cha meza ukakishika.

"Kila mkubwa wa nyumba hii huambiwa akifikisha miaka ishirini na moja," alisema. "Babu aliniita chumba cha nyuma akafunga mlango. Bwana Hieronim hakuacha mtoto. Mjane wake alikuwa na msimamizi wa mashamba, mtu hodari, anayejua kusoma. Mjane alipokufa msimamizi akatoa karatasi kwamba yeye ni binamu wa mbali kutoka Lituania. Nani angekwenda Lituania kuhakikisha? Akachukua jina, akachukua nyumba. Lakini bati hakuthubutu kuligusa. Alikuwa amejifanya muungwana, na muungwana haondoi ngao kanisani. Wakaja watoto, wakaja wajukuu, watu wakasahau kusoma ukuta. Wakasema Waswidi."

"Na wewe huna mtoto wa kumwambia."

"Sina. Nilitaka jambo hili life nami. Jumapili moja tu, afande, halafu siku chache nilizobakiza." Akainua uso. "Sikudhani wangemshika Walenty. Nilipojua, nikajiambia watamwachia kesho yake. Mtu asiye na kosa atafungwa kwa kosa gani?"

"Hufungwa kila wiki. Walenty ataondoka saa tisa. Sasa ni saa nane na nusu."

"Angesema tu! Angesema ni mimi niliyeazima!"

"Hatasema. Unamjua kuliko mimi."

Bibi alifumba macho. Alipoyafumbua, machozi yalikuwa yamejaa lakini hayakuanguka. Akainuka bila kusaidiwa, akafungua droo ya chini ya jiko mahali palipowekwa sinia za kuokea mikate. Chini ya sinia ya tatu, ndani ya taulo safi, ilikuwepo sura ya Bwana Hieronim, na chini yake vipande viwili vya bati vilivyokatwa wima kupitia kifua cha mwewe.

"Huyo msimamizi," aliuliza Bogna, "aliitwa nani kabla?"

"Hilo nitalisema mbele ya yule linalomhusu," alisema Bi Eufemia. "Nipe koti langu."

Katika kituo mwendesha mashtaka alikuwa ameshavaa glavu za kutokea. Walenty alikuwa wima mlangoni, pingu mikononi, askari pembeni yake. Bi Eufemia aliingia na mzigo wa taulo, akautua mezani katikati ya makaratasi ya serikali, akaufunua.

"Bi Mkubwa," alisema Walenty, uso umemwiva, "mimi sijasema kitu. Naapa sijasema."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Hizo pingu," Bogna alimwambia askari. "Mfungue."

Mwendesha mashtaka alianza kuuliza kulikoni. Bogna akamsukumia kiti kwa mguu, akamwambia akae, kuna maelezo yataandikwa. Akachukua karatasi, akaandika tarehe, akaandika saa.

"Jina kamili?"

"Unalijua," alisema Bi Eufemia.

"Sheria inataka useme mwenyewe."

Bibi alisimama sawasawa mbele ya meza. Walenty, kwa mazoea ya maisha yake yote, alikuwa ameshamvutia kiti, naye bibi akakirudisha kiti kile kwa upole mpaka kikagusa magoti ya Walenty.

"Kaa wewe," alimwambia. Kisha akamgeukia Inspekta. "Andika Eufemia Pyrek."

Walenty alidhani hakusikia vizuri. Aliwatazama askari, akamtazama Inspekta.

"Bi Mkubwa, samahani. Hilo ni jina langu mimi."

"Msimamizi aliyejitwalia jina la Dobrowidzki alikuwa Pyrek, na mdogo wake alikuwa mpiga kengele. Alimnyamazisha kwa kumpa kazi ya kanisa na nyumba, yeye na uzao wake." Bibi alimgeukia Walenty. "Jina ni letu sote, ndugu yangu. Sisi tulilikimbia. Nyinyi ndio mliolitunza."